Mkono Usiosikia Njaa

Julai ya Nairobi haipendi wazee. Dalmas Omollo alipanda ngazi za jengo lao, nyuma ya River Road, akiwa na sweta mbili chini ya koti, na alipofika ghorofa ya tatu alisimama kwenye dirisha la ukumbini apate pumzi. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa. Sababu ya kweli ilikuwa jengo la ng'ambo ya barabara. Zamani lilikuwa sinema. Hapo ndipo alipomleta marehemu mkewe, Maurine, walipokuwa wachumba, akamnunulia njugu za kufungwa kwenye karatasi, wakakaa viti vya mbele kwa sababu vya nyuma vilikuwa vya wenye pesa. Siku hizi ni kanisa lenye vipaza sauti vya kuamsha mji mzima, na njugu haziuzwi tena mlangoni. Omollo aliukumbuka mji ule kwa hamu kila asubuhi, kisha akaenda kufungua ofisi.

Nzisa alikuwa tayari mlangoni.

"Mzee Omollo, huyo mtu anaenda kesho."

"Nami sijambo, Nzisa. Anaenda wapi?"

"Lodwar. Amepata lori. Amesema kama hatumtaki hatalazimisha. Na akienda hii mara, harudi."

Omollo alimfungulia, akamwonyesha kiti. Alikuwa askari mpelelezi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na sasa alikula kwa kutafuta watu waliopotea. Kesi hii ilikuwa kinyume. Mtu alikuwa amepatikana, na hakuna aliyejua ni nani.

Mwezi wa Mei mwanamume mmoja alitokea Kangemi, amekonda kupita kiasi, akiulizia nyumba ya Mama Syokimau. Alisema yeye ni Mutie, kaka yake Nzisa, aliyeondoka zaidi ya miaka ishirini iliyopita kwenda Juba kuchomelea vyuma na asionekane tena. Mama Syokimau sasa alikuwa kipofu, akiishi na Nzisa katika fleti Kileleshwa, na alikuwa hajaambiwa lolote. Kulikuwa na sababu. Miaka kadhaa nyuma mtu mwingine alikuja na hadithi hiyohiyo. Alikaa pale akiitwa mwanangu, akala, akaombewa kanisani, mpaka jirani aliyetoka Kitui akamtambua na kumwita kwa jina lake halisi mbele ya watu. Mama alianguka siku hiyo. Moyo wake haukupona sawasawa, na alimwekea Nzisa sharti moja: asiletewe tena mtu kama Nzisa mwenyewe hana hakika.

"Mathe akivunjwa moyo tena hatainuka," Nzisa alisema. Alikuwa karani mkuu katika kampuni ya bima, mwanamke asiyependa kuonekana akilia, kwa hiyo alitazama dari. "Na kama ni Mutie kweli, nimwache apande hiyo lori? Niambie nifanye nini."

Omollo alitumbukiza majani ya chai kwenye sufuria. Alipenda kuhesabu ushahidi chai ikichemka.

"Tuanze tena. Kovu la chini ya kwapa analo."

"Yule wa kwanza pia alikuwa nalo. Alijichoma na chuma."

"Hadithi za utotoni anazijua."

"Kangemi nzima inazijua. Yule wa kwanza alikuwa ananunulia wazee pombe, wakamwambia zote."

"Na damu haitusaidii."

"Haitusaidii."

Hilo walikuwa wamelimaliza siku ya kwanza. Mama Syokimau hakujaaliwa mtoto, na mumewe alikufa mapema. Ukambani mwanamke wa namna hiyo alikuwa na njia yake ya heshima: alitoa mahari, akaoa mwanamke mwenzake, na watoto wa huyo wakawa wake na wa boma la mumewe. Ndiyo iitwayo iweto. Syokimau alimwoa Nthenya, Nthenya akamzaa Mutie, kisha akafa mtoto akiwa bado mdogo. Ndugu zake Nthenya hawajulikani walipo, na baba mzazi hakutajwa kamwe. Nzisa naye ni binti wa kaka yake Syokimau, aliyelelewa humohumo. Kwa hiyo watu watatu waliopendana kuliko familia nyingi hawakuwa na tone la damu la kumtambulisha Mutie.

Nzisa alitoa simu. "Mwangangi alinitumia hii jana. Anasema hii peke yake inatosha."

Mwangangi alikuwa binamu, mtoto wa ndugu wa marehemu mume wa Syokimau, na ndiye aliyepinga kuliko wote. Picha ilimwonyesha mtu yule akioga bombani, kifua wazi. Mbavu zilihesabika. Shingo ilikuwa kamba. Lakini mkono wa kushoto, kuanzia begani hadi kwenye kifundo, ulikuwa wa mviringo na umejaa, kana kwamba ulikuwa wa mtu mwingine aliyekula vizuri.

"Mutie hakuwa na mkono mnene," Nzisa alisema. "Mikono yake ilikuwa sawa. Huyu ana ugonjwa, matende ama nini, sijui. Lakini Mutie wetu hakuwa hivyo."

Omollo aliikuza picha kwa vidole viwili. Alikuwa amefanya kazi kaskazini wakati wa ukame, na aliijua njaa. Njaa haibagui. Huchukua mashavu, huchukua makalio, huchukua mikono yote miwili.

"Sijawahi kuona njaa ikiruka mkono," alisema, akaimimina chai.

*

Omollo aliijua Kangemi ilipokuwa na mashamba ya mahindi hadi kwenye kijito. Alikuja pale akiwa konstebo kijana kutafuta ng'ombe walioibwa, na akapewa viazi vya kuchoma na kina mama ambao hawakujua hata jina lake. Sasa alipita kati ya kuta za mabati na madera yaliyoanikwa, akimtafuta fundi mmoja wa mbao, muumini, aliyempa yule mtu pa kulala. Hata kile kijito kilikuwa hakisikiki tena.

Mtu yule alikuwa nje, amechutama karibu na jiko la makaa. Aliinuka kwa heshima na kumsalimu Omollo kwa mikono yote miwili, na hapo mpelelezi akaduwaa.

Mkono wa kulia ulikuwa baridi na umelowa jasho. Wa kushoto ulikuwa mkavu, na una joto la chapati.

Omollo alikuwa ameshika mikono mingi ya watu wenye hofu. Hofu huirudisha damu ndani, vidole vikabaki baridi. Baridi ya Julai hufanya vivyo hivyo. Lakini hakuwa amewahi kukutana na mtu anayeogopa upande mmoja. Aliketi kwenye kigogo.

"Jina lako?"

"Mutie."

"Mama yako?"

"Nthenya alinizaa. Syokimau alinilea. Wote ni mama."

"Mbwa wenu aliitwaje?"

Mtu yule alifikiri sana. "Tulikuwa na mbwa?"

"Mimi ndiye nauliza."

"Sikumbuki mbwa, mzee. Nakumbuka paka. Alikuwa na jicho moja, na alikuwa analala ndani ya karai."

Mbwa alikuwepo. Mwangangi alikuwa amemtaja, na yule tapeli wa kwanza alimjua kwa jina na kwa rangi. Omollo alitia hilo moyoni. Mwongo aliyejiandaa haachi pengo kama hilo.

"Kovu?"

"Mpera wa kwetu. Mimi na Mwangangi tulikuwa tunashindana kufika tawi la juu. Nikaanguka kwa fence, kigingi kikaingia hapa." Aligusa chini ya kwapa la kushoto. "Mwangangi alinibeba na mgongo mpaka barabarani. Nakumbuka sweta yake, ilikuwa green. Hospitali ya misheni wakanifungua kifua. Krismasi ilipita nikiwa huko."

"Na mkono huu ulivimba lini?"

Aliutazama mkono wa kushoto, kisha akamtazama Omollo bila hasira.

"Haujavimba. Hii ndio mkono yangu. Ni mimi nimekonda."

"Ulikonda wapi?"

"Sudan. Kutoka Juba nilienda Khartoum, kazi ilikuwa mzuri. Halafu vita. Mji ukafungwa, tukakula chakula ya ng'ombe, baadaye hata hiyo ikaisha. Nilitoka na miguu. Tangu hapo tumbo haishiki chakula vizuri."

"Miaka yote hiyo hukupiga simu."

"Kila mwaka nilisema nitapiga nikiwa na habari mzuri." Alichokoa makaa kwa kijiti. "Halafu namba ya nyumbani ikakufa."

"Unataka nini kwa watu hawa?"

"Sitaki kitu. Siku moja nilienda Kileleshwa nikasimama ng'ambo ya geti. Nikamwona Mwaitu kwa balcony, ameketi kwa jua." Alimwita mama kwa Kikamba, kwa sauti ndogo. "Watu walikuwa wamenieleza juu ya yule mwingine. Nikaogopa. Nikarudi."

Omollo aliinuka. Alitaka kumwamini, na hilo lilimtia wasiwasi kuliko kitu kingine chochote.

*

Kwa Mwangangi ilikuwa Karen. Alikuwa na kitalu cha miche kando ya barabara, waridi na miti ya vivuli kwa wenye nyumba kubwa, na harufu ya udongo uliomwagiliwa ilimkumbusha Omollo nyumbani kwao Ugenya kiasi kwamba aliudhika. Alikuwa amekuja kumshuku mtu, na ni vigumu kushuku ukiwa na hamu ya kwenda nyumbani.

Alikwenda moja kwa moja. "Ploti ya Mama Syokimau, ile ya Kangemi. Mutie akirudi, ni yake. Asiporudi?"

Mwangangi aliweka chini mche. Alikuwa mtu mnene, mwenye mikono ya kazi. "Jaduong', mzee wangu, umenikosea. Kodi ya hiyo ploti ni dawa ya Mama. Uliza Nzisa. Mimi hata soda sijawahi kununua nayo."

"Basi mbona unampiga vita hivi?"

Mwangangi alifuta mikono kwenye aproni, akazunguka meza, akarudi palepale.

"Unajua ni nani alimleta yule wa kwanza kwa Mama? Ni mimi. Nilimwona na kovu, nikalia kama mtoto, nikamshika mkono nikamwingiza ndani. Mama akaanguka mbele yangu. Hii mara nikikosea, wacha nikosee kwa kukataa."

Omollo alivua kofia. Shuku yake ilikuwa imekwisha, na alijua.

"Siku ya mpera ulivaa sweta gani?"

"Ya shule. Green. Ilibidi itupwe." Mwangangi alikunja uso. "Amekuambia? Hata hiyo watu waliona."

"Nieleze hospitali. Daktari alisema nini mlipomchukua?"

"Eh, zamani hiyo." Mwangangi alicheka bila kutaka. "Alisema amepona, mkono unafanya kazi, unahisi, hakuna shida. Ati ni uzi mdogo tu ulikatika ndani, karibu na mgongo, na hautadhuru kitu. Sisi tulicheka njia yote. Uzi ndani ya mtu! Tulikuwa tunamwuliza Mutie kama ameshonwa na cherehani. Tulikuwa tunacheka sana siku hizo."

Aligeukia waridi zake. Omollo alimwacha akizikata majani yasiyohitaji kukatwa.

*

Daktari Naliaka, bingwa wa mishipa ya fahamu, alikuwa na kliniki katikati ya mji, ghorofa ya juu, mahali pazuri pa kuonea paa zilizochakaa. Alimfahamu Omollo tangu siku za mahakamani, ambapo alitoa ushahidi mara nyingi na kumkosoa kila mara.

"Omosh! Bado uko hai?"

"Nusu. Daktari, uzi mdogo karibu na uti wa mgongo, juu, upande wa kushoto. Ukikatika mtu anapoteza nini?"

Naliaka aliweka kalamu chini. "Mkono unasogea? Anahisi?"

"Vyote."

"Basi ni neva zile zinazofanya kazi bila kuulizwa. Hazisogezi mkono. Zinaiambia mishipa ya damu ibane au ilegee, na zinatoa jasho. Ukiogopa, ama ukiingiwa na baridi, ndizo hubana mishipa ya vidole vyako."

"Zikikatika?"

"Vidole havipati habari. Mishipa inabaki wazi, damu inapita. Mkono una joto na mkavu, hata mwenyewe akiwa anatetemeka."

Omollo alihisi tena ile salamu viganjani mwake. Akampa picha. Naliaka aliitazama muda mrefu, na alipozungumza tena utani ulikuwa umemtoka.

"Huyu amekaa njaa kiasi gani?"

"Sana. Nieleze huo mkono."

"Watu hudhani mafuta ya mwili huyeyuka yenyewe ukikosa chakula. Si hivyo tu. Homoni zina kazi yake, lakini neva hizohizo zinafika mpaka ndani ya mafuta. Mwili ukiwa na njaa, ndizo hupeleka amri: vunjeni, toeni, tuishi. Kwa wanyama limeonekana wazi. Ukikata neva za upande mmoja, halafu mnyama akose chakula, upande ule unabaki na mafuta yake. Kwa binadamu ni nadra, lakini madaktari wamewahi kuona."

"Kwa hiyo mkono huu haujui kulikuwa na njaa."

"Haujaambiwa," Naliaka alisema. "Misuli imepungua humo ndani, nina hakika. Lakini mafuta yalikaa yalipokuwa."

Ni mimi nimekonda, mtu yule alikuwa amesema.

"Nataka kitu cha kujaribu leo," Omollo alisema. "Jikoni kwa mtu. Kitu ambacho tapeli hawezi kuigiza."

"Maji ya vuguvugu. Nusu saa. Vidole vikikunjamana majini si kwa sababu vimelowa. Ni neva zinabana mishipa ya ndani, ngozi inaingia. Mkono usio na neva hizo haukunjamani. Hakuna mwizi duniani anayeweza kukizuia kidole chake."

"Lakini hilo litaniambia kwamba neva imekatika tu. Halitaniambia ni Mutie."

"Sasa umeanza kufikiri kama daktari. Kuna watu hukatwa hizo neva kwa operesheni, kwa sababu ya jasho la mikono. Unahitaji mtu aliyemwona huyo mtoto na mikono ndani ya maji, zamani. Na usimwambie unatafuta nini."

*

Saa tisa alasiri Omollo alikuwa Kileleshwa, jikoni kwa Nzisa. Mama Syokimau alikuwa amelala chumbani. Mwangangi alikuja kwa sababu Omollo alimwita, akasimama kando ya friji na mikono amekunja. Mtu yule alikuwa bado njiani kutoka Kangemi.

"Nieleze Jumamosi zenu," Omollo alimwambia Nzisa.

"Jumamosi gani?"

"Za utoto. Zote."

Nzisa alishangaa, kisha akatabasamu licha ya yote. "Jumamosi ilikuwa ni kufua. Mwaitu alikuwa anatuamsha mapema tuwahi bomba kabla ya laini ya watu. Makarai mawili, moja ya sabuni, moja ya kusuuza. Kulikuwa na ule mpera, tulikuwa tunaanika hapo juu, nguo zote zinanuka mapera. Redio ya jirani ikiimba. Mimi nilikuwa nafua, Mutie anapiga domo."

"Hakufua?"

"Alifua! Ni Mwaitu alikuwa hamwamini. Tukimaliza alikuwa anatukagua mikono. Yangu ilikuwa kama ya nyanya mzee, imekunjamana yote. Mutie mkono wa kulia sawa, lakini wa kushoto laini kabisa, tangu atoke hospitali. Mwaitu anamwambia, huu umeuficha, unafua na mmoja. Anamrudisha afue mashuka tena. Maskini analia, ati Mwaitu nimefua na yote..."

Aliishia hapo. Mkono wake ulikuwa umefika mdomoni.

"Umewahi kumwambia mtu hilo?" Omollo aliuliza.

"Nani ataniuliza habari ya vidole? Nilikuwa nimesahau. Mzee Omollo, nilikuwa nimesahau kabisa."

Mwangangi alikuwa ameikunjua mikono. "Ni kweli," alisema polepole. "Siku moja nilimsaidia kufua hayo mashuka."

Mlango uligongwa.

Mtu yule aliingia na viatu mkononi, akatazama huku na huku kama mtu aliyeitwa kituoni. Kulikuwa na karai kubwa sakafuni, maji ya vuguvugu, sabuni ya unga na mashuka mawili.

"Fua," Omollo alisema.

"Nifue?"

"Mikono yote miwili. Usiitoe mpaka nikuambie."

Hakuuliza tena. Alikunja mikono ya shati, mmoja mfupa, mwingine umejaa, akapiga magoti. Alifua kama mtu aliyefundishwa, akisugua upindo kwanza. Nzisa alitazama maji yakibadilika rangi. Omollo alisikia mlio ule wa nguo zenye sabuni, akamkumbuka Maurine kwenye ua wa nyuma wa kambi ya polisi, enzi ambazo hakuna aliyekuwa na mashine na kila ua ulikuwa na wimbo. Alimwonea hamu sana, hapo jikoni kwa watu wengine.

"Toa," alisema muda ulipotosha.

Mtu yule alitandaza viganja chini ya taa. Vidole vya kulia vilikuwa vimekunjamana kote, vyeupe nchani. Vya kushoto vilikuwa laini, kana kwamba havikuguswa na maji.

Mwangangi alipiga hatua moja, akachungulia, kisha akakaa sakafuni kwa uzito wake wote. "Mutie," alisema. "Wewe, Mutie."

Mlango wa chumbani ulikuwa umefunguka. Mama Syokimau alikuwa anakuja, mkono ukutani, kanga mabegani.

"Ni nani anafua saa hii?" aliuliza. "Nzisa, hiyo si wewe. Wewe husugui upindo kwanza."

Nzisa alimfuata, akamshika kiwiko. Omollo aliona anavyovuta pumzi. Hapo ndipo kesi ilipokuwa, si kwenye karai, na hakuna mtu mwingine aliyeweza kuifunga.

"Mwaitu," alisema, "kuna mtu nimemleta mimi. Mimi mwenyewe. Nina hakika."

Kikongwe alisimama kabisa. Kisha akanyoosha mikono yote miwili mbele, hewani, akangoja.

Mtu yule alitembea kwa magoti mpaka hapo, akamwekea mikono yake iliyolowa. Mama alianza na wa kulia. Aliupapasa mfupa wa kiwiko, kifundo, vidole vilivyokunjamana, na uso wake haukuonyesha kitu. Huo ulikuwa mkono wa mgeni.

Kisha akashika wa kushoto. Ulikuwa na joto. Aliupapasa begani, akashuka polepole, akafika vidoleni, akavipitisha kimoja kimoja kati ya vidole vyake. Alivirudia.

"Huu bado unaficha kazi," alisema.

"Mwaitu, nimefua na yote miwili."

"Najua. Ulikuwa unaniambia. Najua."

Aliubandika mkono ule shavuni, na wa pili hakuuachilia. Aliendelea kuupapasa ule mwembamba, juu na chini, akitafuta nyama mahali palipokuwa mfupa.

"Nzisa," alisema, "washa jiko. Weka uji mwepesi kwanza, huyu ana njaa."